Neno Moja Daftarini

Kabati la joto lilinuka udongo mbichi. Katika maabara ile, ambamo hata kukohoa ni kosa, udongo hauna pa kupitia. Mtafiti alifunga mlango wa kabati, akaufungua tena, akanusa. Udongo ule ule, wa shimo lililochimbwa asubuhi hiyo. Alijikaza, akatoa kisahani namba saba, akakiweka chini ya hadubini.

Kisahani hicho ndicho kilichompa jina kazini. Alichukua kipande cha ngozi, akakirudisha utotoni mpaka kikawa seli shina, kisha akazilea seli hizo zikawa neva za ubongo. Alitaka kuona unakoanzia ule ugonjwa wa kurithi, wa viungo kurukaruka vyenyewe na akili kuzimika kidogo kidogo. Neva hukaa tuli kisahanini. Leo zilikuwa zikitetemeka zote kwa pamoja, ti, ti, ti, hadi kioo kikaanza kugonga.

"Meza inatikisika?" alimnong'oneza fundi wa maabara.

"Meza iko sawa, Daktari. Mbona umepauka?"

Hapo sauti ikamuuliza sikioni, kwa adabu zote, kama mgeni anayeuliza njia: "Marehemu wangu yuko wapi?"

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake wa kiume.

"Dada, njoo. Kuna mtu kakaa kitandani kwangu tangu asubuhi, simwoni. Ananuka udongo. Ananiambia nimechelewa."

Alifika nyumbani mbio, viatu vya maabara vikiwa bado miguuni. Shangazi yao, aliyekuwa mganga wa kupunga majini tangu wao hawajazaliwa, alikwisha kuitwa. Mdogo mtu alikuwa amejibana ukutani, mikono ikimruka kama ilivyomruka baba yao mwaka ule wa mwisho, na pembeni yake godoro lilikuwa limebonyea kwa uzito wa mtu mzima aliyeketi na asiyeonekana, na bonyeo lile likawa linamsogelea taratibu.

"Jini hili halikuvamia," shangazi alinong'ona. "Limeitwa, tena kwa maandishi. Nani kaandika?"

Mtafiti alitamani ardhi immeze, akakumbuka ile harufu, akaacha kutamani.

"Ile chunjua niliyokutoa mkononi," alimwambia mdogo wake. "Haikuwa chunjua. Nilitaka ngozi yako. Mtu aliye hai lazima atie sahihi mwenyewe, na wangejua wewe ni nani kwangu. Nikaandika daftarini kwamba mwenye ngozi ni marehemu."

"Si ungeniomba tu, dada? Ngozi ninayo nyingi."

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya kuwa na ndugu kama wewe. Kazini nimesema sina ndugu."

Mdogo wake aliificha mikono yake chini ya mapaja, ikakataa kufichika. Hilo lilimchoma dada mtu kuliko tusi lolote.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," shangazi alisema. "Nenda kalikate neno hilo kabla jua halijazama. Jini hili halina ubishi, linafuata kilichoandikwa."

Alirudi maabara akitembea na kukimbia, aibu ikimwaka usoni, harufu ya udongo ikimfuata ngazi hadi ngazi, na kila alipogeuka hakuona mtu, ila alisikia nyayo zikisimama aliposimama yeye na kuanza alipoanza. Daftari la maabara halifutwi. Neno lililokosewa hupigwa mstari mmoja, libaki likisomeka, na aliyelikosea huandika jina lake kando. Akapiga mstari juu ya "marehemu." Chini yake akaandika: "Yu hai. Ni mdogo wangu, tumbo moja." Kando akaandika jina lake kamili, fundi akisoma kila herufi begani mwake.

Kisahani kikatulia. Harufu ikaisha. Alilia bila kujificha, na kwa mara ya kwanza alimsimulia fundi habari za mdogo wake.

Simu ikalia tena.

"Dada, ameondoka!" Mdogo wake alikuwa akicheka na kulia. "Kaniomba na radhi kwa usumbufu. Kasema mimi si marehemu wake tena."

"Alhamdulillahi."

"Kasema ameona jina lako. Eti liko pale pale, kando ya neno."

Mtafiti aliangalia daftari. Neno bado lilisomeka vizuri chini ya mstari wake. Alitaka kuweka kalamu chini, lakini kidole chake cha mwisho kilikuwa kimeanza kugonga meza chenyewe, ti, ti, ti.