Makaa Yanayovimba

Mpima sampuli alikata roho mikononi mwa Kipanga, nyuma ya ghala la makaa ya mawe.

Risasi mbili tumboni.

"Tunachota sampuli juu ya behewa," alinong'ona. "Makaa ya juu ni yetu. Ya chini... siyo."

Kiganja chake kikafumbuka. Ndani mlikuwa na kipande cha makaa kinachong'aa kama kioo.

Kipanga, jasusi wa serikali, alimfumba macho marehemu taratibu. Kisha akatimua mbio.

Maabara. Akaponda nusu ya kile kipande, akatia unga kwenye kibakuli cha kauri, akakifunika, akawasha kichomeo. Makaa ya kiwanda hiki yalikuwa machanga, yenye gesi nyingi. Yakipashwa moto pamoja na mafuta mazito, huyeyuka na kutoa mafuta ya magari.

Haya yalilainika. Yakavimba. Yakainua kifuniko, kisha yakaganda kama jiwe lenye matundu.

Ndani ya bomba la hita, mtambo unaopasha mchanganyiko huo, hicho kingekuwa kizibo. Nyuma ya kizibo, pampu inasukuma mpaka bomba lipasuke.

Na kwenye hita alikuwa zamu mdogo wake wa kike. Wazazi walishawaachia dunia wao wawili tu.

Akanyakua redio ya Motorola ukutani.

"Kitinda!"

"Kaka? Nani kakupa redio ya watu?"

"Geji ya presha?"

"Inapanda. Bosi wa mapokezi ya makaa kasema makaa ya leo yana nguvu, tusiguse kitu."

"Zima pampu."

"Nikifukuzwa utanilisha wewe, mgeni wa sikukuu?"

Kipanga alikumbuka kitu. Zamu nzima hupasha chakula juu ya bomba lile.

"Makopo ya chakula yapo?"

"Yapo. Langu, la fundi, la... La bosi halipo. Kapita kulichukua sasa hivi, hata halijapata moto."

"Kaokoa kopo lake, mdogo wangu. Nyinyi kawaacha."

Redioni, swichi ikalia. Mngurumo wa pampu ukafa.

Kiungio kimoja cha bomba kilifyatuka hata hivyo. Mvuke ukafoka. Mtu akapiga yowe.

"Kitinda? Kitinda!"

"Nipo." Alikuwa analia. "Fundi kaungua mkono. Tupo wote."

Langoni, bosi alikuwa anawasha Toyota yake, kopo mapajani. Mdomo wa bastola ya Kipanga, aina ya Glock, ukagusa kioo.

"Chakula kitapoa, mkuu."

"Wauza mafuta wa nje walinitisha! Walitaka kiwanda kiungue, tuendelee kununua kwao!"

"Mpima sampuli naye alikutisha, hata ukampiga risasi?"

Bosi akanyoosha mikono. Pingu zikamfunga.

Redio ikakwaruza. "Kaka, leo utakula kwetu?"

Kipanga alitazama ghala. Shuka jeupe lilikuwa limeshatandazwa juu ya marehemu.

"Nitakula. Kwanza niende kwa mjane."

"Bomba limezimwa. Chakula kitakuwa baridi."

"Niwekee hivyo hivyo."

Akatia kile kipande mfukoni, akafunga kifungo cha koti, akaondoka bila haraka.