Mguu wa Nyuma wa Ruán

Kitendawili. Mbio zake zinaipita baiskeli, lakini ngazi nne za mlangoni zinamtetemesha. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, nimeupokea: ni mbwa wa mbio. Amelelewa bandani kwa ajili ya uwanja tu, nyumba ya watu haijui.

Wa kwao msichana Dervla, pale Clonmel nchini Ireland, aliitwa Ruán. Alikuwa na miaka mitatu tu. Alivunjika mguu wa nyuma mashindanoni, mwenye mbwa akamtupa kama kiatu kilichotoboka, ndipo mama yake Dervla akamchukua. Kila asubuhi kabla ya shule Dervla alimtembeza polepole kwa kamba, maana daktari alikataza asikimbizwe tena.

Fiachra wa darasa lao, ambaye baba yake alifuga mbwa wa mbio, aliwangojea na wenzake kwenye ukuta wa njiani.

"Huyo kilema mnamlisha ya nini?" aliuliza. "Kwetu angekuwa kaburini zamani."

Wenzake walicheka. Siku tano Dervla alivumilia. Jumamosi akasema Ruán angeweza kumpita yeyote.

Fiachra akafunga ngozi ya sungura nyuma ya baiskeli, akaondoka kasi. Dervla akafungua kamba. Ruán hakusita, mbwa wa namna yake akiona manyoya yanakimbia, naye hukimbia. Watoto walishangilia, Dervla kuliko wote. Kwenye kona mguu ule wa nyuma ukalia kama kijiti kikavu kikivunjika. Ruán akaendelea kwa miguu mitatu, wa nne ukining'inia, mpaka akaifikia ile ngozi. Fiachra alimnyang'anya, akapanda baiskeli, akaenda zake. Wengine nao wakatawanyika.

Mama alipokuja na gari, Dervla alimwambia walikuwa wanatembea tu, mguu ukavunjika wenyewe.

Daktari Geraghty, mwanamke wa makamo aliyetibu ng'ombe na mbwa wa mji mzima, aliitazama picha ya mfupa kwa muda mrefu. Alisema kovu la zamani lilikuwa linamchanganya, hakuweza kujua kilichouvunja mfupa. Akamuuliza Dervla kama kweli walikuwa wanatembea. Dervla akaitikia kwa kichwa.

"Mfupa unaovunjika kwa kutembea tu mara nyingi umeliwa na saratani," daktari akamwambia mama. "Huo siuungi, nampa mbwa sindano ya kulala moja kwa moja. Ungevunjika kwa mbio, ningeufunga chuma akapona."

Mama alitia sahihi karatasi ya ruhusa huku machozi yakimtoka, akamwambia Dervla amuage. Ruán akaulamba mkono ule ule uliomfungulia kamba. Daktari alikuwa ameshajaza sindano, lakini akaiweka mezani, akainama mpaka macho yake yakakutana na ya Dervla.

"Binti, mimi natibu kwa ninachoambiwa. Ukinidanganya, huumii wewe wala mimi. Anaumia huyu asiyeweza kujisemea. Nakuuliza mara ya mwisho, alikuwa anatembea?"

"Alikuwa anakimbia," Dervla alisema. "Mimi ndiye niliyemfungulia."