Sikio la Kamera

Wambua alifariki Jumanne alfajiri, mwezi wa saba mwaka wa 1996, na kabla ya saa nane mchana dada yake alikuwa amesimama mlangoni mwa Idah pale Ruiru akitafuta picha.

Alikuwa Ndunge, mwalimu kutoka Masii. Alivaa sweta ya kijani ambayo vifungo vyake vilikosana na matundu, upande mmoja juu, upande mwingine chini. Idah alikuwa fundi wa nguo, na jicho lake liliviona vifungo kabla ya kuuona uso. Alipouona uso, akajua.

"Wewe ndiye Idah?"

"Ni mimi."

"Ameenda, wifi. Ile homa ya mapafu. Walimlaza Jumamosi, leo ameenda."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita Idah wifi. Jana yake, alipopiga simu kutoka kibanda cha posta, alikuwa ameambiwa kwamba Wambua amelazwa, akasema kesho nikimaliza gauni hili nitaenda kumwona. Gauni lilikuwa bado liko chini ya cherehani, upindo wake nusu.

Akamkalisha Ndunge kitandani, kwa kuwa kiti kilikuwa kimejaa vitambaa.

"Sikuja kukaa," Ndunge akasema, akakaa. "Tunataka picha ya kuweka juu ya jeneza. Nimepekua ile studio yote. Nimepata mabibi harusi, watoto wa ubatizo, wazee wa kanisa. Thika nzima imo mle ndani. Yeye hayumo."

"Kitambulisho?"

"Alikichukua akiwa na miaka kumi na minane. Mama amekiangalia akasema huyo ni mtoto, mnipe mwanaume aliyekufa."

Idah aliinua macho kwenye rafu. Kamera ilikuwa pale juu, ndani ya mfuko wake wa ngozi.

"Iko moja," akasema. "Labda."

"Labda ni nini, wifi?"

Ndani ya kamera ile mlikuwa na filamu iliyofika picha ya saba. Wambua alikuwa kwenye hiyo, kama filamu ilikuwa imeshika. Kama haikushika, mle ndani hamkuwa na kitu. Na jambo hilo lilishawahi kumtokea Idah mara moja, likamnyang'anya miezi sita.

* * *

Walikuwa wamekutana Januari ya mwaka uliotangulia, siku ya soko. Idah alikuwa ametoka Ruiru kwenda Thika kununua lesi, amevaa sketi ya maua ya samawati aliyoshona mwenyewe na kitambaa cheupe kichwani. Baraza la studio lilijaa watu waliongoja kupigwa picha za vitambulisho, na yeye akapita katikati yao akikwepa matope. Ndipo akasikia sauti kutoka ndani:

"Kuna mtu hapo nje ana pini?"

Fundi wa nguo hakosi pini. Idah alikuwa na sita kwenye ukosi wa blauzi. Akaingia. Mzee mmoja mwembamba alikuwa amekaa kwenye stuli, amezama ndani ya koti la studio, lile koti moja jeusi ambalo kila mtu wa Thika alilivaa akipigwa picha. Idah akalivuta kwa nyuma, akalibana kwa pini zote sita.

Mpiga picha akatazama mbele, akazunguka akatazama nyuma. Alikuwa mrefu, mikono ya shati lake imepata madoa ya kahawia ya dawa, na vidole vyake vilinuka siki.

"Mbele ni waziri," akasema, "nyuma ni nungunungu."

Mzee mwenyewe akacheka, na picha ikapigwa akiwa bado anacheka.

"Wewe ni fundi?" Wambua akamuuliza Idah, wakati alipokuwa akizichomoa pini zake.

"Wa magauni ya harusi. Niko Ruiru, nyuma ya posta."

"Na picha za hayo magauni ziko wapi?"

"Kwa wenyewe. Mimi nabaki na mabaki ya kitambaa."

"Basi unataka kamera."

"Nani amekwambia?"

"Umeangalia kabati langu mara tatu tangu uingie."

Ndani ya kabati mlikuwa na kamera tatu kuukuu za kuuza. Moja ilikuwa ndogo ya plastiki, ya kubonyeza tu. Ya pili nyeusi, inang'aa, ina vitufe kila mahali. Ya tatu ilikuwa nzito, ya chuma, imekwaruzwa pembeni.

"Hiyo nyeusi," Idah akasema.

"Hiyo sikuuzii."

"Kwani pesa zangu zina ugonjwa?"

"Hiyo inafikiri badala yako. Betri ikikufia bibi harusi akiwa mlangoni, utabaki umeshika jiwe. Hii nzito haijali betri. Itakufanya ukosee, lakini utajua ni wapi umekosea."

"Wewe ni mfanyabiashara mbaya sana."

"Shika kwanza. Kamera ni kama kiatu, hainunuliwi kwa macho."

Akashika. Ilikuwa baridi na nzito kama pasi.

"Fumba jicho moja. Sasa zungusha hapo mbele, polepole, mpaka uweze kuhesabu kope zangu."

Idah akazungusha. Ukungu ukafunguka, na pale katikati kukawa na kope za Wambua, moja moja. Hakuzihesabu. Alisahau.

Hakununua siku hiyo. Alirudi Jumatano sita mfululizo, kila mara akizishika zote tatu na kuzirudisha, na hakuna aliyemharakisha. Kule Ruiru Idah hakuwa na simu. Alipiga kutoka kibanda cha posta. Studio nayo haikuwa na simu, aliyekuwa nayo ni jirani, Mzee Salehe wa Majengo, muuza kanzu na manukato, ambaye aligonga ukuta akasema, "Wambua, Ruiru inakuita, na sarafu zake si nyingi."

"Sasa, fundi," Wambua akasema kwenye simu, Jumatano ya saba.

"Poa. Nimeamua."

"Kuolewa?"

"Kamera, wewe. Ile nzito."

"Sawa. Na kuolewa?"

"Sarafu inaisha, Wambua."

"Inaisha kila nikifika hapo, sijui kwa nini."

Alimfundisha kuweka filamu kwenye meza ya studio. Ulimi wa filamu, ile ncha yake, unaingia kwenye tundu upande wa kulia. Unafunga mgongo wa kamera. Kisha unavuta wenzo kwa kidole gumba. Juu, upande wa kushoto, kulikuwa na kitu kidogo cha kuzungusha ambacho Wambua alikiita sikio.

"Ukivuta huku kulia, sikio la kushoto lazima ligeuke. Likigeuka, filamu imeshika. Likikaa kimya, ulimi umechomoka. Namba zitahesabu, kamera italia kachak, na utakuwa unapiga upepo."

"Nimeelewa."

"Kila mara, Idah. Angalia sikio."

"Nimeelewa, baba yangu."

Alielewa jinsi mtu anavyoelewa jambo ambalo halijamuumiza.

Desemba binamu yake Becky akaolewa. Idah alishona gauni, akakataa mpiga picha mwingine yeyote kuitwa. Alipiga picha thelathini na sita, nyeusi na nyeupe, ili Wambua aweze kuzisafisha mwenyewe. Jumatatu alienda Thika pamoja na Becky na mama yake, wote watatu wakiwa bado na kicheko usoni.

Wambua alitoka chumba cha giza akiwa ameshika filamu inayodondoka maji. Aliinua kwenye mwanga. Ilikuwa nyeupe kama plastiki ya kufungia mkate, bila picha hata moja. Akaishusha. Akamtazama Idah, kisha akamtazama mama Becky.

"Nimeiharibu," akasema. "Dawa ilikuwa mbovu. Ni makosa yangu."

"Haiya," mama Becky akasema. "Na harusi hurudiwa wapi, kijana?"

Becky akaanza kulia. Idah akasikia aibu inampanda kutoka miguuni, na aibu ilipofika mdomoni ikawa neno jingine.

"Harusi za huku ulizoea kupiga wewe. Kama uliitaka hiyo kazi, si ungesema?"

Wambua alikuwa anaikunja filamu, taratibu, kana kwamba ilikuwa na kitu.

* * *

Miezi sita. Idah aliiweka kamera rafuni, akaifunika kwa kipande cha satini. Alishona, akapiga pasi, akakabidhi. Magauni yaliondoka moja moja mikononi mwa watu waliofurahi, na chumba kikabaki na uzi sakafuni. Alipopita kibanda cha simu pale posta alitazama upande wa pili wa barabara. Jambo moja tu lilimsumbua: mara kwa mara alikuja msichana asiyemjua, na akimuuliza nani amekuelekeza, alisema, "Mtu wa picha, Thika. Alisema hakuna mwingine."

Jumatano moja, mwisho wa mwezi wa sita, gauni lilitoka zuri kupita yote, na akashindwa kuliacha liende hivyo. Akanunua filamu. Akaweka ulimi, akafunga, akavuta. Namba ikasonga. Akavuta tena. Macho yake yakaenda kushoto, bila yeye kuyatuma.

Sikio lilikuwa limetulia.

Siku ya harusi ya Becky hakuwa ameliangalia hata mara moja. Kisha akafungua, akaweka ulimi upya, akafunga, akapiga picha mbili za gauni upesi upesi bila kuliangalia tena, akaenda Thika.

Wambua alikuwa analipiga pasi koti la studio.

"Sikio halikugeuka," Idah akasema kutoka mlangoni.

"Najua."

"Ulijua siku ile?"

"Filamu ilikuwa nyeupe, lakini namba za pembeni, zile za kiwandani, zilitoka safi. Dawa ilikuwa nzima. Filamu ndiyo haikuwa imepita mbele ya lenzi."

"Na ukasema ni wewe."

"Mama Becky alikuwa amesimama hapo, Idah. Mimi watu wakinikasirikia, kesho watarudi, kitambulisho hakingoji hasira iishe. Wewe ulikuwa unaanza."

"Ungeniambia mimi. Baadaye."

"Nilingoja upige simu."

"Na mimi nilingoja wewe upige."

"Nipige wapi? Wewe huna simu. Una kibanda cha posta."

Idah akacheka, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi. Kutoka upande wa pili wa ukuta Mzee Salehe akakohoa, ili wajue kwamba anasikia.

Alasiri hiyo walitembea hadi darajani, mto Chania ukipita chini, mwekundu wa udongo. Idah alipiga picha ya daraja, ya maji, ya mbuzi, ya bango. Waliporudi barazani akamwambia asimame.

"Mimi husimama nyuma ya kamera," Wambua akasema.

"Leo simama mbele, mpenzi. Vaa hilo koti."

Akavaa. Idah akazungusha lenzi mpaka akazipata zile kope.

"Mwisho wa mwezi wa saba nitakuja Ruiru na dada yangu," Wambua akasema. "Tuongee na wazee wako. Sarafu haiishi leo, kwa hivyo nijibu."

"Njoo," Idah akasema. Akavuta wenzo, akabonyeza hapo hapo, na hakuangalia sikio, kwa sababu machozi hayakumwacha aone kitu chochote.

Siku kumi na tatu baadaye Ndunge alikuja peke yake.

* * *

"Kuna njia ya kujua," Idah alimwambia, kamera ikiwa mikononi. "Nikivuta mara moja, na hiki kigeuke, basi yumo."

"Vuta."

Kidole kikakaa juu ya wenzo.

"Nisipovuta, bado yumo," Idah akasema.

Ndunge alimtazama. Kisha akagundua vifungo vyake, akaanza kuvifungua ili avifunge upya.

"Wifi. Mama anangoja."

Idah akavuta. Upande wa kushoto, sikio likageuka, polepole.

Mzee Salehe aliwafungulia studio kwa ufunguo wa akiba, akaketi nje mlangoni ili mtu asiingie. Idah alikuwa amemsaidia Wambua mara nne katika chumba cha giza, na alifanya kila kitu kwa kufuata sauti yake kichwani: hii kwanza, tikisa, hesabu, sasa hii ya siki. Filamu ilipokauka akawasha taa nyekundu, akaiweka picha ya saba kwenye mashine ya kukuzia, akaimulika juu ya karatasi, akaizamisha karatasi kwenye beseni la dawa.

Koti likatoka kwanza. Kisha kola, kisha kidevu, kisha uso wote, wazi, kope moja moja.

Hakuwa anaitazama lenzi. Macho yake yalikuwa yameshuka kidogo, kando.

"Anaangalia wapi?" Ndunge akauliza.

"Anaangalia sikio," Idah akasema. "Anaangalia kama limegeuka."

Ndunge aliinama juu ya beseni mpaka karatasi ilipotolewa majini.

"Inatosha," akasema.

Picha ilikaa juu ya jeneza Masii. Mama yake Wambua aliipangusa kwa leso yake, akasema huyo sasa ni yeye. Watu wengi walitaka kujua alikuwa anatazama nini.

Siku hizi pale studio panauzwa viatu. Idah bado anashona Ruiru, nyuma ya posta, na kila gauni hulipiga picha kabla halijachukuliwa. Kamera ni ile nzito. Filamu iliyomo sasa imefika picha ya kumi na nne.