Jalada Lililochanwa

Jumamosi asubuhi, wakati maduka ya mji wa Migori yalipokuwa yakifunguliwa, Pauline Bhoke alipiga magoti mbele ya sanduku la bati lililokuwa chini ya meza yake. Alifungua kufuli, akainua kifuniko, akafunua karatasi ya kukingia vumbi ili aifungue bahasha na kuutazama ukurasa wa kwanza. Hiyo ilikuwa desturi yake. Hakuwahi kusafirisha michoro bila kuutazama ukurasa wa kwanza, kama mzazi amtazamavyo mtoto usoni kabla ya kumwacha aende shule.

Bahasha haikuwapo. Karatasi ya juu ilikuwa nyeupe. Akafunua ya pili, nayo ilikuwa nyeupe. Rundo zima lilikuwa karatasi tupu, za ukubwa ule ule na unene ule ule, zilizotolewa katika kabati la ofisi hiyo hiyo.

Koplo Emmaculate Omanga wa idara ya upelelezi alipopanda ngazi na kuingia, alimkuta Pauline angali sakafuni.

"Niambie kilichopotea, madam."

"Kitabu," Pauline alisema. "Kitabu kizima. Sisi ni Kuja Katuni, tunachapisha hadithi za michoro. Hicho kilikuwa riwaya ya picha, *Taa za Remba*, ya Jacktone, mtu aliyezaliwa kisiwani Remba na kukulia kwenye mitumbwi."

"Kuna nakala?"

"Hakuna. Jacktone huchora kwenye karatasi kubwa ambazo mashine yetu ya kuskani haiwezi kuzimeza. Leo nilikuwa nizipeleke Kisumu zikaskaniwe. Mpiga chapa anazingoja Jumatatu."

"Basi mchoraji atachora upya."

"Jacktone alipata kiharusi muda mfupi baada ya kuutia wino ukurasa wa mwisho. Mkono wake wa kulia umepooza. Hatachora tena, afande. Michoro ile ikiungua, Remba yake imeungua nayo."

Emmaculate aligeuka akaukagua mlango, nao haukuwa na alama ya kuvunjwa. Kufuli la sanduku lilikuwa zima. Ufunguo wa sanduku ulikaa ndani ya kopo tupu la rangi, nyuma ya chupa za wino, na hata sasa ulikuwa umerudishwa humo humo.

"Nani anajua kopo hili?"

"Mimi. Mzee Mniko, mlinzi wetu. Na Boaz, anayetia rangi. Hao wawili wana funguo za mlango pia." Pauline alishusha pumzi. "Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikidhani ni maneno ya wazee tu."

Ukutani, juu ya meza ya pili, palibandikwa jalada la kitabu lililochanwa katikati kisha likaunganishwa kwa gundi ya karatasi. Lilionyesha ziwa usiku. Mitumbwi ya wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani, ilikuwa imetawanyika majini, kila mmoja na taa yake, na juu yake uling'aa mwezi mpevu wa manjano.

"Hili limechanwa na nani?"

"Jacktone mwenyewe. Yeye alilichora, Boaz akalitia rangi na kuuongeza mwezi. Jacktone alilitazama, akalichana vipande viwili, akasema kitabu kitatoka kwa wino mweusi peke yake. Jina la Boaz likaondolewa. Boaz alikuwa amesimama hapo hapo uliposimama wewe."

"Alitoa sababu?"

"Hakutoa. Mimi nililiokota nikaligundisha. Mpaka leo naliona zuri."

Emmaculate, aliyekulia Nyamira kwenye mashamba ya chai, naye aliliona zuri.

Mlinzi alihojiwa kwanza. Mniko alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini, kofia mapajani, huku kijana wa duka la mbolea lililo chini ya ofisi akiwaeleza wapita njia kwamba mwizi amekwisha kupatikana.

"Mzee Mniko, jana usiku ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, afande. Hata panya angepita ningemwona. Mwezi ulikuwa umejaa, mweupe kama maziwa. Nilishona kiatu changu bila tochi." Akaunyanyua mguu. Mshono ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula.

"Hukuondoka hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Emmaculate alivuka barabara hadi kwa mama muuza chai wa kituo cha mafuta, kisha akarudi.

"Mama chai anasema ulikaa kwake tangu saa sita mpaka karibu saa saba, ukibishana na dereva wa lori kuhusu bei ya ng'ombe."

Mniko aliigeuza kofia yake. "Kuhusu ng'ombe nilikuwa nasema kweli."

"Na kuhusu panya?"

"Nilidanganya, afande. Madam akijua niliacha lango atanifukuza, na ana haki. Lakini karatasi zile sikuzigusa. Mimi nizipeleke wapi? Ng'ombe ningejua pa kumpeleka."

Kijana wa mbolea alicheka. Emmaculate hakucheka, kwa maana mzee alikuwa ametoa kitu cha thamani bila kujua: kati ya saa sita na saa saba, mwenye ufunguo angeweza kupanda, kubadilisha rundo na kushuka bila kuonekana.

Alasiri alimtembelea Boaz katika chumba alichopanga karibu na soko. Alikuwa kijana mwembamba, mzaliwa wa Uriri, ambako wazazi wake walilima mahindi na miwa. Alipoambiwa kilichotokea, aliketi kitandani ghafla.

"Zote?"

"Zote. Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Homa Bay. Nilikwenda jioni, nikakesha ufukweni nikichora."

"Wewe, uliyeondolewa kwenye kitabu cha ziwa, ulikesha ziwani?"

"Ndiyo sababu nilikwenda, afande. Nilitaka kujua nilikosea wapi." Alichukua tableti yake akaiwasha. "Tazama. Mitumbwi ya omena ilitoka jioni, na taa zikaenea majini kama mji. Nilichora nilichokiona. Na mwezi huu hapa, umejaa vile vile ulivyokuwa jana. Muulize yeyote."

Mchoro ulikuwa mzuri. Chini ya mwezi, taa zilijipanga mpaka upeo wa macho. Kuhusu mwezi hakusema uongo, kwani hata kiatu cha Mniko kilikuwa shahidi.

"Nani alikuona huko?"

"Watu wa ufukweni, siwajui majina. Asubuhi mitumbwi iliporudi, akina mama walikuwa wakigombania omena mbichi. Nani angemtazama mchoraji?"

Emmaculate alirekodi maelezo hayo na kuondoka. Kijana alikuwa na sababu ya kuchukia, lakini pia alikuwa na ushahidi mkononi, tena wa rangi.

Alibaki mtu wa tatu. Pauline alikuwa amemtaja Stanley, mwenye hoteli huko Rodi Kopany, aliyeomba mara mbili auziwe kurasa halisi azitundike ukutani, akakataliwa mara zote mbili. Jumapili, akielekea Homa Bay kumwona Jacktone, Emmaculate alishuka Rodi Kopany akaingia hotelini humo. Kuta zilikuwa na kalenda tatu na saa iliyosimama.

"Ijumaa usiku nilikuwa kanisani kwenye kesha," Stanley alisema kwa heshima iliyojeruhiwa. "Tangu jioni hadi alfajiri. Hata niliongoza pambio."

"Ni kweli, afande," mwanamke aliyekuwa akikaanga samaki alisema kutoka jikoni bila kugeuka. "Aliimba. Tulimsihi aache, akaendelea."

Watu wengine wawili waliokuwa wakila walitikisa vichwa kwa masikitiko ya walioshuhudia. Stanley akaondolewa katika orodha ya washukiwa.

Jacktone aliishi kwa dada yake Teresa, nyumba chache kutoka ufukwe wa Homa Bay. Alikuwa ameketi uani, mkono wa kulia ukiwa umelazwa juu ya mto mdogo kama kitu alichowekewa na mtu mwingine. Teresa alikuwa akipepeta omena kavu kwenye ungo.

"Karibu, nyara," Teresa alimwambia, kwa neno la Kijaluo analomwita binti yake. "Leo sina mbichi. Nina hizi kavu tu."

Emmaculate alimweleza Jacktone yote, pole pole, bila kuficha neno. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Jicho lake moja lilijaa machozi, la pili halikujaa, kwa kuwa kiharusi kilikuwa kimelipitia.

"Mke wangu yumo kwenye kurasa zile," alisema hatimaye. Maneno yalitoka taratibu, yakiegemea upande mmoja wa mdomo. "Hakuwahi kupigwa picha hata moja. Nilimchora akianika omena."

Teresa aliacha kupepeta.

"Mzee," Emmaculate alisema, "nisamehe nikiuliza jambo dogo. Kwa nini ulilichana jalada la Boaz?"

"Uliliona?"

"Niliona. Nililipenda."

"Kwenu wapi, afande?"

"Nyamira."

Nusu ya uso wake ilitabasamu. "Teresa, mwambie afande kwa nini leo huna omena mbichi."

"Ni mwezi tu," Teresa alijibu, kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Omena hufuata taa, nyara. Mwezi ukijaa, ziwa zima ni taa. Mvuvi atamulika nini? Omena hutawanyika. Mitumbwi huvutwa mchangani ikalazwa kifudifudi, wanaume wakashona nyavu na kutusumbua nyumbani mpaka giza lirudi."

Emmaculate aliinuka bila kujua kwamba ameinuka. "Ijumaa usiku hakuna mtumbwi wa omena uliotoka?"

"Tangu katikati ya wiki. Hapa hakuna, Remba hakuna."

"Hata mmoja?"

"Nenda ufukweni uone. Mitumbwi imelala kama mamba."

Alikwenda akaona. Mitumbwi ilikuwa imejipanga mchangani, matumbo juu, na taa zilikuwa zimerundikwa kwenye kibanda kilichofungwa. Aliporudi kuaga, Jacktone alimshika kwa mkono wa kushoto.

"Nilidhani kijana ananidhihaki," alisema. "Mwezi juu ya taa. Kwetu hata mtoto angecheka. Sikufikiri kwamba hajui."

Jumatatu asubuhi Emmaculate aliwakutanisha ofisini: Pauline mezani, Mniko mlangoni, Boaz chini ya jalada lililogundishwa. Mpiga chapa alikuwa amekwisha kupiga simu mara moja.

"Boaz, niambie tena ulichokiona Homa Bay."

Boaz alirudia: taa, mwezi, akina mama na omena mbichi. Hakukosea neno.

"Kuhusu mwezi umesema kweli," Emmaculate alisema. "Hukuhitaji kwenda Homa Bay kuuona. Ulikuwa juu ya Migori pia. Taa ndizo ulizozitunga. Mwezi ukijaa, wavuvi wa omena hawatoki, kwa kuwa samaki wale hufuata taa gizani. Ijumaa ziwa lilikuwa tupu. Mitumbwi ililala ufukweni, na Jumamosi asubuhi hapakuwa na omena mbichi za kugombania."

Boaz aligeuza uso, taratibu, akalitazama jalada lililokuwa juu ya kichwa chake. Hakuangalia mshono wa gundi. Aliangalia mwezi.

"Ndiyo sababu alilichana," alisema.

"Ndiyo sababu. Ulifanya kosa moja mara mbili. Mara ya kwanza liliharibu jalada, mara ya pili limekutoa mafichoni."

"Angeniambia." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Sentensi moja tu. Mama yangu alikuwa amewaambia watu wa kanisa lake kwamba jina la mwanawe litakuwa juu ya kitabu. Mzee akachana, akaniacha nimesimama kama mwizi kabla sijaiba. Ijumaa nilimwona Mniko kwa mama chai, nikapanda. Nilitaka siku ya mpiga chapa ipite, mhangaike, kisha mimi niwe ndiye niliyezipata. Mngenihitaji."

"Omera," Mniko alisema kutoka mlangoni, kwa neno la Kijaluo ambalo vijana humwitia rafiki, "na mimi ungeniacha nilale korokoroni hadi lini?"

Hilo ndilo lililomwinamisha Boaz kichwa.

"Ziko wapi?" Pauline aliuliza. "Boaz, niambie hukuzichoma."

"Ziko Uriri. Kwenye ghala la mahindi la mama."

Walifika Uriri kabla ya saa sita mchana. Bahasha kubwa ilikuwa imezungushiwa nailoni na kufukiwa chini ya magunzi, na kamba aliyoifunga Jacktone kabla ya kupooza haikuwa imefunguliwa. Mama yake Boaz alisimama penye mlango wa jiko, akimtazama mwanawe akiwa kati ya askari na mwajiri wake.

"Hukuzitazama?" Emmaculate alishangaa.

"Sikuweza, afande. Niliogopa zingekuwa nzuri."

Pauline aliikata kamba na kuutazama ukurasa wa kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake. Mabega yake yalishuka. Alimpigia Jacktone simu, akamwambia maneno mawili tu: "Zote zipo." Kisha akasikiliza kwa muda, akamgeukia koplo.

"Anauliza kama sheria itamruhusu Boaz auone ukurasa mmoja kabla hujamchukua."

Emmaculate alifikiri. Shtaka lingeandikwa, na Mniko angetoa ushahidi. Hayo hayakuwa na mjadala. Lakini ukurasa mmoja haungeichelewesha sheria. Alikubali kwa kichwa.

Pauline alifunua taratibu mpaka karibu na katikati ya rundo, akaiweka karatasi juu ya gunia. Boaz aliinama. Ulikuwa usiku wa Remba, wote kwa wino mweusi. Mwanamke aliketi mlangoni akisuka nywele za binti yake. Wanaume walishona nyavu bila taa. Mitumbwi yote ililala mchangani kifudifudi, na juu ya ziwa tupu, mahali ambapo mchoraji hakugusa karatasi kabisa, mwezi ulikuwa umejaa.