Tambara Alilolishona Chinatsu

Mitsuyo alipakua wali, akamimina supu ya miso, kisha akatega sikio. Chumbani kwa binti yake kulikuwa kimya.

"Chinatsu, supu inapoa."

"Tumbo linauma, mama."

Tumbo hilo lilianza kuuma shule ya kati ilipofunguliwa. Chinatsu alimaliza shule ya msingi katika mji mwingine, na hapa hakumjua mtu. Siku ya kwanza kila mwanafunzi alisimama mbele ya darasa kujitambulisha. Zamu yake ilipofika, Chinatsu alifungua mdomo, sauti isitoke. Mvulana mmoja akasema, "Redio hii imeisha betri." Darasa zima likacheka.

Mitsuyo alikuwa na hofu. Mtoto wa binamu yake alianza hivyo hivyo: leo tumbo, kesho kichwa, mwishowe akajifungia chumbani. Mpaka sasa hajarudi shule. Kwa hiyo Mitsuyo alimwandikia Chinatsu maneno ya kujitambulisha, na kila jioni alimkaririsha.

"Rudia. Simama wima. Toa sauti."

Kadiri alivyorudia, ndivyo sauti ilivyozidi kufifia.

Asubuhi hiyo Mitsuyo alitoka kupeleka taka. Alimkuta jirani yake, Bi Hatanaka, akifunika mifuko kwa wavu ili kunguru wasiipekue. Bi Hatanaka alifundisha shule ya kati mpaka alipostaafu.

"Mama Chinatsu, mbona umekunja uso kama umetafuna plamu ya chumvi?"

Mitsuyo akamweleza yote.

"Na yale matambara ya deki ambayo kila mwanafunzi hupeleka shuleni mwanzo wa mwaka kusafishia darasa, nani aliyashona?" Bi Hatanaka akauliza.

"Mimi, kwa cherehani. Hayakuwa na hata mshono mmoja uliopinda."

"Na maneno ya kujitambulisha?"

"Niliyaandika mimi."

"Sasa mtoto amebakiwa na nini cha kwake?"

Mitsuyo akausukuma mfuko wake wa taka chini ya wavu.

"Usijilaumu, wengi wetu tunafanya hivyo," Bi Hatanaka akasema. "Mtoto mwenye haya ukimsimamisha mbele ya wageni, hofu humkaba koo. Mpe kazi ya mikono pamoja na wenzake, kama kushona matambara hayo. Macho yao yatakuwa kwenye kazi, si kwake. Maneno yatafuata. Nenda ukaongee na mwalimu wake. Na hayo ya kukariri, yaache."

"Na asiposema kitu hata hapo?"

"Atakuwa ameshona. Si haba."

Mwalimu Okuda alimsikiliza Mitsuyo mpaka mwisho. Yeye mwenyewe alikuwa na wasiwasi. Wanafunzi wake walikaa kimya kama abiria wasiojuana. Akakubali kujaribu ushonaji huo siku ya wazazi kutazama masomo.

Siku hiyo Chinatsu alikwenda kwa sababu aliahidiwa kuwa hakuna atakayesimamishwa mbele. Mitsuyo alisimama nyuma ya darasa pamoja na wazazi wengine.

Mwalimu aliwagawa wanafunzi wanne wanne. Kila kundi lilipata mataulo makuukuu, sindano na uzi.

"Mmoja apime, mmoja akate, mmoja akunje, mmoja atunge uzi," alisema. "Kisha kila mtu ashone tambara lake. Mkasi ni mmoja kwa kila kundi. Anayeutaka aombe."

Chinatsu alitunga uzi. Ukakosa tundu. Ukakosa tena. Mitsuyo alipiga hatua mbele, kisha akajizuia. Akaukamata mkoba wake kwa mikono miwili, akabaki pale pale. Uzi ukaingia.

Aliyekaa karibu na Chinatsu alikuwa Haruomi, yule mvulana wa maneno ya redio. Alivuta uzi kwa nguvu mpaka taulo likajikunja kama pweza aliyechomwa. Chinatsu alilitazama kwa muda.

"Usikaze sana," alisema polepole. "Ndiyo maana linajikunja."

Haruomi akainua kichwa. "Kumbe redio ina betri."

"Ina. Wewe ndiye huna mkono wa kushona."

Kundi lao likacheka. Haruomi naye akacheka, akamsogezea tambara lake amwonyeshe.

Mwishoni mwalimu aliwaambia wabaki wameketi. Kila mmoja aonyeshe tambara lake, ataje jina, na aseme neno moja kuhusu kazi yake. Zamu ya Chinatsu ikafika. Akaligeuzageuza tambara mikononi. Hakuna aliyemharakisha.

"Naitwa Chinatsu," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Pembe hii imepinda. Nimeipinda mimi."

Kesho yake asubuhi tumbo liliuma bado, ila kidogo. Chinatsu alikula nusu ya wali, akavaa viatu. Mlangoni akageuka.

"Mama, Haruomi hajui kufunga fundo la mwisho. Naomba taulo lingine kuukuu nikamfundishe."

Mitsuyo aliangalia cherehani, kisha akaifunika. Akampa binti yake taulo, sindano na uzi.