Mpingo Ndani ya Bakuli Langu la Kioo

Jirani yangu Gervas ana kelele. Alfajiri, kabla sijakunja mkeka wa kusalia, tezo yake imeshaanza: ko, ko, ko. Anachonga vinyago vya mpingo, na mpingo ni mgumu, haukatiki kwa kubembelezwa. Nilikuwa namwambia, "Baba Anna, na majogoo wa hapa Goba nao wapate zamu!" Yeye anacheka tu, anaendelea kugonga.

Mie naitwa Somoe. Ninakaanga vitumbua, na mdomo wangu hauna kufuli. Wanaonijua wamenizoea.

Basi mwaka ule wa tisini na tisa, tezo ikanyamaza. Mwanzo nilishukuru Mungu, nikalala mpaka jua likatoka. Asubuhi zilizofuata kimya kikaanza kunisumbua. Nikajitanda kanga, nikaenda.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mama Rukaiya," akajibu Bernadeta, mke wa Gervas. Macho yake yalikuwa mekundu.

Gervas alikuwa amekaa kwenye gogo lake la siku zote. Miguuni kwake palikuwa na gunia, na ndani yake patasi, tupa, msasa na tezo ndogo. Tezo kubwa alikuwa ameishika mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona kimya hivi, unaumwa?"

"Siumwi. Naacha kuchonga, mama. Mwisho wa mwezi naanza kazi ya ulinzi, kwenye ghala moja kule Ubungo. Jumamosi ya mwisho Ansbert atakuja kuchukua vyombo vyangu."

Ansbert ni mchongaji kijana, ndugu yao wa kutoka kusini. Ana mikono mizuri, lakini hana vyombo. Miaka yote anaazima.

"Umeota nini wewe?" nikamuuliza. "Nani kakuroga?"

"Duka la hotelini kule Mbezi Beach halinunui tena. Siku hizi watu wanachonga miti laini, wanaipaka dawa nyeusi ya viatu, wanasema mpingo. Wanauza rahisi. Mwenye duka anasema wageni hawajui tofauti, basi yeye ahangaike na mie wa nini?"

Bernadeta hakuweza kuvumilia. "Tezo hiyo ni ya marehemu baba yake. Ilitoka Newala imefungwa kwenye kitenge. Mume wangu akishika tezo namjua. Akishika rungu la mlinzi, nitaishi na nani humu ndani?"

Gervas akainamisha kichwa. Roho iliniuma, nasema kweli. Mtu akiacha kazi kwa kuchoka ni sawa. Huyu alikuwa anafukuzwa na waongo.

Jioni nikamsimulia binti yangu Rukaiya. Rukaiya anafanya kazi Kinondoni, kwenye duka la intaneti. Duka lenyewe halina bidhaa ya kushika. Lina meza, kompyuta na waya. Watu wanalipa ili wakae wakodolee macho kioo. Mie nilidhani ni upuuzi wa vijana.

"Mama," akasema Rukaiya, "wanaopenda vinyago wako dunia nzima. Wanaongea kwenye intaneti. Wana ukumbi wao."

"Ukumbi upo wapi?"

"Haupo mahali. Mtu anaandika kwenye kompyuta yake, wenzake wote wanasoma na kumjibu. Hata mie nikiwa Kinondoni nasoma. Nimpeleke Baba Anna?"

"Mpeleke kesho," nikamwambia. "Na mie nakuja."

Kesho yake tukaenda wanne, Gervas na mkewe, Rukaiya na mie, nimevaa baibui langu jipya. Gervas aliketi mbele ya kompyuta akaficha mikono chini ya meza, kama mtu aliyewekewa chakula asichokijua.

"Haiumi, Baba Anna," Rukaiya akamwambia. "Kwanza tukufungulie anwani ya barua pepe. Ni sawa na sanduku la posta, ila barua inafika papo hapo. Na hili ni neno la siri, ndio ufunguo wa sanduku. Chagua neno usilolisahau, na usimwambie mtu."

"Hata wewe?"

"Hata mie."

Gervas akatugeukia wote. "Basi tazameni pembeni."

Tukatazama ukutani. Nyuma yetu tukasikia kidole kimoja kinagonga vitufe taratibu, huku mwenyewe anahema.

Rukaiya akaeleza la pili. "Tutakutengenezea ukurasa. Ukurasa ni kibanda chako, lakini kibanda kisichofungwa. Mtu wa mbali akiamka usiku wake anakuta kazi zako zimepangwa. Kinachotakiwa ni picha na maneno. Picha nitapiga kwa kamera, tuzisafishe studio, halafu kuna mashine hapa inaziingiza kwenye kompyuta."

Nyumbani Gervas akachagua kinyago kimoja kidogo, urefu wa kiganja. Kilikuwa cha watu waliopandana: mzee chini, watoto mabegani, mama amebeba mtungi juu kabisa. Kazi ya kukutoa machozi. Halafu akafungua kopo la dawa nyeusi ya viatu. Akapaka, akasugua, akapaka tena. Kinyago kikang'aa mpaka unajiona uso.

"Kwani nawe unapaka dawa?" nikashangaa.

"Wote tunapaka, mama. Mpingo wenyewe una sehemu nyeupe upande wa nje, karibu na gome. Wageni wa hotelini wanataka weusi mtupu. Kinyago hakiendi kwa mgeni bila kupakwa. Ndivyo tulivyozoea hapa mjini."

Rukaiya akapiga picha. Ukurasa ukawekwa, na kule ukumbini akatoa taarifa. Tukangoja.

Barua ikaja moja tu. Ilitoka kwa mama mmoja Mjerumani, mwenye duka la vinyago kwao. Rukaiya akatusomea pale dukani kwa Kiswahili: "Asante kwa picha. Lakini nimeshanunua mara nyingi mti uliopakwa rangi nikiambiwa ni mpingo. Hiki nacho kinaonekana kimepakwa. Nitajuaje kuwa ni cha kweli?"

Gervas akasimama. Kiti kikaanguka.

"Mie naambiwa mwongo? Mie? Nimechonga mpingo tangu nina meno ya utoto!" Mishipa ya shingo ilimtoka. "Basi imetosha. Waache na intaneti yao. Jumamosi Ansbert abebe gunia lake."

Akatoka. Bernadeta akamfuata mbio. Mie nikabaki nimeshika tama, nikimlaani yule Mjerumani. Lakini Rukaiya hakumlaani. Alisoma ile barua tena, kisha akasema, "Mama, huyu hajatukana. Ameuliza swali, na sie hatujamjibu."

Usiku ule hakulala kwa kuwaza. Asubuhi akaenda kwa Gervas kabla ya kwenda kazini, nami nyuma yake.

"Shikamoo, Baba Anna. Una hasira bado?"

"Marahaba. Ninazo."

"Nisikilize hivyo hivyo na hasira zako. Mteja akija kibandani kwako anafanyaje?"

"Anashika kinyago. Anakipima uzito mkononi. Anakigonga kwa ukucha. Ananiona mie nimekaa nachonga."

"Basi huyu wa mbali ananyimwa yote hayo. Hawezi kushika wala kupima. Ana macho tu. Na macho yenyewe tumeyaziba kwa dawa ya viatu! Picha yetu ilifanana na picha za wale waongo. Atawatofautishaje?"



Hapo Bernadeta akaweka chini ndoo aliyoibeba. "Baba Anna, wewe ukienda kununua gogo, ukiletewa kipande usichokiamini, unafanyaje?"

"Nakiangusha kwenye maji. Kikielea, nakiacha. Mpingo unazama."

Akaitazama ile ndoo. Halafu Bernadeta akapiga makofi. "Si ndilo hilo jibu! Unalo mwenyewe miaka yote!"

"Kwenye ndoo hawataona kitu," akasema Rukaiya. "Tunataka chombo cha kioo. Kikubwa."

Wakanigeukia mimi.

Sasa, mie nina bakuli moja la kioo. Niliolewa nalo. Linakaa kabatini, halitoki hata Idi. Rukaiya mwenyewe hajawahi kuliosha, naogopa atalivunja.

"Msinitazame hivyo," nikasema. "Sitoi."

"Mama..."

"Sitoi, nimesema!"

Nikakumbuka lile gunia na kile kimya cha alfajiri. Nikaenda kulitoa. Nililibeba mwenyewe kwa mikono miwili, na watoto wote wa njiani niliwafukuza.

Gervas alikuwa ameshaanza kukisugua kinyago kwa msasa. Dawa ikatoka, vumbi jeusi likamjaa magotini. Chini yake ukatokea mstari mweupe wa krimu, umepita begani kwa mzee mpaka kwenye mtungi wa yule mama. Nawaambieni, kilikuwa kizuri mara mbili. Yule mama alionekana kama kajitanda kanga nyeupe.

"Baba alikuwa haupaki kabisa," Gervas akasema polepole. "Mstari huu alikuwa anautafuta. Sie ndio tulikuja kuuficha."

Tukajaza bakuli maji. Gervas akaweka kipande cha mti laini, kikaelea. Akaweka kinyago. Kikashuka moja kwa moja mpaka chini, kikakaa. Rukaiya akapiga picha. Akampiga picha Gervas naye akiwa na tezo mkononi, gogo likiwa na gome lake, na vumbi lake, na miguu yake pekupeku.

"Nisivae viatu?" Gervas akauliza.

"Usivae kitu cha kuficha. Na kila wiki, Baba Anna, utasimulia kazi. Gogo lilivyokuwa. Ulipoona sura ndani yake. Hata patasi ikiteleza ukaharibu, sema. Mama Anna ataandika kwa Kiswahili, mie nitageuza Kiingereza, tutaweka vyote viwili. Mtu akifuata kazi toka gogo mpaka mwisho, hana haja ya kuuliza kama ni ya kweli."

"Na akiuliza?"

"Unamjibu. Haraka na kwa adabu, hata kama swali linachoma. Hujui, unasema sijui. Bado hakijakauka, unasema bado. Na akitaka kununua, analipia benki kwanza, ndipo mzigo unakwenda posta."

Bernadeta aliandika, nami nilisikiliza. Gervas, mtu asiyesema, siku ile aliongea mpaka chai ikapoa. Alieleza alivyoliona gogo limepinda, akajua mle ndani kuna mzee amebeba wenzake. Bernadeta aliandika huku anatabasamu. Nadhani alikuwa anamsikia mumewe upya.

Picha zikawekwa. Ile ya bakuli ikaenda ukumbini, na kwa yule mama Mjerumani wakamwandikia: "Umeuliza vizuri. Tazama."

Siku zikapita, jibu hakuna. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikafika. Gervas alikuwa ametoa neno lake kwa Ansbert, na neno kwake ni neno. Asubuhi akamwambia mkewe, "Twende Kinondoni mara ya mwisho. Nikirudi nitampa vyombo."

Ansbert akaja wao hawajarudi. Alikaa kwenye gogo la Gervas, gunia miguuni, amekunja uso. Nikampelekea vitumbua.

"Umefurahi kupata vyombo?" nikamchokoza.

"Sina raha, mama. Aliyenifundisha ni yeye. Nitachongaje kwa tezo yake, naye amekaa getini kwa watu?" Kitumbua hakukimaliza.

Kilichotokea Kinondoni nilisimuliwa na Rukaiya. Anasema alitaka kumfungulia Gervas barua zake, akakataa. "Ufunguo ni wangu," akasema. Akaandika neno lake la siri kwa kidole kile kile kimoja. Sanduku likafunguka. Barua zilikuwa zimejaa kioo, kutoka kwa watu wa ukumbini. Wameijadili ile picha ya bakuli usiku kucha. Wanauliza juu ya mti, juu ya tezo, juu ya mstari mweupe. Juu kabisa ilikuwepo ya mama Mjerumani.

Rukaiya akaisoma kwa sauti: "Nisamehe kwa kukutilia shaka. Nimewaonyesha wateja wangu picha zako na maneno yako. Nataka kinyago hicho, na vingine vya kujaza rafu nzima kabla ya Krismasi. Tafadhali usivipake kitu. Nieleze namna ya kukulipa."

Duka zima liliwasikia. Bernadeta alipiga kigelegele mpaka mwenye duka akatoka ofisini mbio. Gervas hakupiga kelele. Aliigusa kompyuta kwa kiganja, kama anavyogusa gogo kabla ya kulikata, akasema, "Someni tena pale pa rafu."

Mie niliwaona wakishuka kilima. Gervas alikuwa anatembea mbele, kifua mbele, shati limelowa jasho. Ansbert akasimama, akalishika gunia.

"Nimekuja, kaka. Kama ulivyosema."

"Vizuri. Fungua gunia."

Ansbert akafungua. Gervas akatoa tezo ya baba yake. Kisha akatoa tezo ya pili, ndogo, akamwekea Ansbert mkononi.

"Nilikuahidi vyombo. Hivyo hapo. Lakini utachongea hapa hapa, nami. Kuna rafu ya kujaza kabla ya Krismasi, na mie nina mikono miwili tu."

Ansbert akatutazama mmoja mmoja. "Na ulinzi wa Ubungo?"

"Watatafuta mtu mwingine anayejua kukaa kimya!" nikamjibu mie, na sote tukacheka mpaka Bernadeta akalia.

Rafu ilijaa. Krismasi ile Bernadeta aliniletea sahani ya pilau yenye nyama ya kuonekana, na kila wiki ukurasa wao unaandikwa. Dawa ya viatu sasa inapaka viatu. Bakuli langu halijarudi kabatini, maana kila kinyago kipya sharti kipigwe picha ndani yake, na Gervas analiosha mwenyewe.

Na alfajiri? Alfajiri zinagonga tezo mbili: ko-ko, ko-ko. Silali tena. Nakaa kitandani nazisikiliza, halafu naamka nikawashe moto wa vitumbua.