Kimeng'aa?

Kila Jumamosi, chai ikiwa haijapoa, mama huvaa ovaroli yake na kufungua karakana iliyo mbele ya nyumba yetu. Mama ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mimi ndiye msaidizi wake, ingawa siku hizo msaada wangu ulikuwa mwingi mdomoni kuliko mikononi.

Jumamosi ile kazi ilikuwa ya nyumbani. Mdogo wangu, ambaye hujiita Dereva kwa sababu hutembelea kiti cha magurudumu, alikuwa anaanza shule Jumatatu. Kiti kilitoka kwa binamu yetu, na kilikuwa kimenyeshewa uani msimu mzima.

"Chuma kikikutana na maji na hewa, kinaota kutu," mama alisema akinipa msasa na brashi ya waya. "Na kutu haishibi. Sugua mpaka chuma king'ae, hata huko chini. Kisha paka rangi ya kuzuia kutu, halafu hii ya bluu."

Nilisugua pembeni, nikasugua mbele. Nilipofika kwenye bomba la chini ya kiti, mabega yalikuwa yanawaka moto na wenzangu walikuwa wananiita tukaruke kamba. Nani atachungulia huko? Nikapaka bluu juu ya kutu.

"Kimeng'aa?" mama aliuliza kutoka karakana, uso ukiwa nyuma ya kinyago cha kuchomelea.

"Kimeng'aa, mama."

Sijadanganya, nilijiambia. Kiti kilikuwa kinang'aa kweli. Lakini nilijua vizuri kwamba mama aliuliza habari za chuma.

Jumapili muuza maziwa, jirani yetu, alileta geti lake lililolegea. Lilikuwa la kijani, la kupendeza. Mama aliligusa kwa bisibisi, akasukuma kidogo, ikazama kama kwenye mkate.

"Mbona nimelipaka rangi juzi tu?" muuza maziwa alilalamika.

"Ulipaka kutu rangi, jirani. Imeendelea kula, ila imevaa vizuri."

Muuza maziwa alicheka. Mimi niligeuka kumtafuta Dereva. Dereva alikuwa uani juu ya kiti chake, akipiga honi kwa mdomo na kuwafundisha kuku sheria za barabarani.

"Dereva, shuka," nilimwambia. "Gari linarudi gereji."

"Gari langu halina kosa."

"Kosa ni la fundi."

Nilimsaidia kuhamia kwenye mkeka, nikakipindua kiti na kulisukuma lile bomba kwa bisibisi. Ilizama. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kisha nikamwita mama.

"Jana nilisema kimeng'aa. Kilichong'aa ni kiti. Chuma cha chini sikukisugua."

Mama aliinama, akapitisha kidole kwenye kitundu kile. "Nilikuuliza chuma, ukanijibu kiti," alisema taratibu. "Na sikuja kukagua, kwa kuwa nilikuamini."

Ningependelea anigombeze. Nilikunja mikono ya gauni, nikakwangua rangi yote ya chini. Wenzangu walipoita, niliwaambia leo sitoki. Vidole viliota malengelenge, nikavifunga kitambaa na kuendelea. Mama alikata kipande kilichooza na kuchomelea bomba jipya. Nikalisugua, nikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Ya bluu ilikuwa imekwisha.

Rangi ilipokauka, mama alikaa kitini yeye mwenyewe kwa uzito wake wote, akajitikisa.

"Kimeng'aa?"

"Chuma, mama. Kila mahali."

"Sasa nisikilize. Kutu ninayoiona hainisumbui, nina msasa. Inayoangusha watu ni ile iliyofichwa. Na neno lako ni hivyo hivyo. Ukikosea, niambie mapema, tutakata palipooza tuchomelee upya. Ukilipaka rangi, litakuja kuvunjika mtu akiwa amelikalia."

Jumatatu asubuhi nilimsukuma Dereva kwenye changarawe hadi shuleni. Aliwaeleza wote kwamba gari lake ni la bluu juu na la zimamoto chini. Mimi nilikuwa nimetega sikio kwenye lile bomba njia nzima. Halikulia hata mara moja.